Kimo cha Kodi

La Paz, kodi hupanda kadiri unavyoshuka.
Nilielezwa hivyo na dereva wa teksi kabla sijatua begi:
kule juu, El Alto, mita elfu nne na ushei,
chumba rahisi, upepo wa bure;
huku chini bondeni, penye balozi na mawaridi,
hewa nzito kama uji, na bei vilevile.
"Hapa, dada, tajiri ananunua pumzi."

Nimetoka Tarija kwa basi la usiku kucha,
barua ya ajira nimeikunja ndani ya soksi pamoja na noti:
fundi wa maabara, idara ya maji, aripoti Jumatatu.
Leo Alhamisi.
Kichwa kinabisha kama mtu aliyesahau funguo ndani.

Nina pakiti ya karatasi za kupimia klorini.
Wengine hukagua kufuli, wengine jirani;
mimi naanza na bomba.

Bondeni, Bwana Iturri ana funguo kumi na mbili na manukato.
Lifti ina kioo. Zulia linameza hatua zangu.
Akaniuliza jina la ukoo, nikamwambia Farfán,
akaniuliza tena, kana kwamba lingebadilika nikijikaza.
"Maji hapa hayakatiki," akasema. "Hayajawahi."
Nikafungua. Bomba likakohoa, likatema hewa,
likanyamaza.
Akatazama saa yake, eti ndiyo yenye kosa.

Sopocachi, mtaa wa ngazi, mume na mke wazee
hawataki kodi. Wanataka dola elfu kumi mkononi,
ukae miaka miwili, ukitoka wakurudishie zote.
Ndiyo desturi; hapa watu huazimana nyumba na fedha
kama majirani wanaoazimana sufuria na ungo.
Sebule ina jua. Dakika tisa kwa miguu hadi maabara.
Nikampigia mama.
"Naweza kuuza kile kipande cha baba yako," akasema.
Zinarudi, mama. Zote zinarudi.
"Fedha zitarudi," akasema. "Na mizabibu?"
Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikula mkate nimesimama,
nikapanda gari la waya, lile la njano,
miguu ikining'inia juu ya matofali mekundu, nguo zilizoanikwa,
mbwa wa paani akilibwekea kila behewa
kama karani wa lindo asiyekubali hongo.

Bi. Eulogia Quisbert hakuvaa tabasamu la kupangisha.
Alikuwa ameisugua sakafu kwa nta hadi inateleza.
Dirisha moja; ndani yake Illimani mzima na theluji yake.
"Mlima haumo kwenye kodi," akasema. "Ukungu ukija, usinidai."
Nikauliza maji.
"Jumapili yanakatika. Jumatano, mara nyingine.
Ndoo ile ya bluu ni yako. Asubuhi bomba lina kutu,
acha yatiririke hadi uhesabu ishirini.
Mpangaji aliyekutangulia kahama kwa baridi,
sikufichi."

Nikahesabu ishirini.
Karatasi ikageuka rangi iliyopaswa.

Nyumba njema si mlango, tumefundwa hivyo;
lakini ni nani aliyewahi kukusomea dosari zake kizingitini,
moja moja, kama asomaye orodha ya vyombo vya arusi?
Nikalipa miezi miwili. Noti zilinuka soksi,
akazihesabu bila kukunja pua.

Sasa nina barabara ya hewani kila alfajiri.
Masikio huziba nikishukia kazini, huzibuka nikirudi.
Mshahara unabakiza kitu. Mizabibu ipo kwa mama.
Ila huku juu maji huchemka upesi, kabla hayajapata moto wa kutosha.
Sikuliwaza hilo, mimi, fundi wa maji.
Maharage yapo jikoni tangu saa nane,
na usiku umeshaingia.
Bi. Eulogia amegonga ukuta:
"Uliyaloweka?"

Sikuyaloweka.